Koki ya Etelvina

Mwenye nyumba wangu, don Aristóbulo, na mkewe Etelvina walinuniana miaka na miaka kwa sababu ya supu. Si urithi, si hawara, supu. Kwenye harusi moja hapa Tunja, mzee akiwa amelewa chicha, alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba changua ya shemeji yake, ile supu ya maziwa na mayai ya asubuhi, inaishinda ya mkewe mbali. Etelvina alijitanda mtandio, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu hapo hakumsemesha tena. Alimpikia, alimfulia, alimwekea sahani mezani. Neno, hapana. Naye mzee, mkaidi kuliko nyumbu, hakuomba radhi.

Walibakiwa na mahali pamoja tu pa kuzungumzia, napo ni bafuni.

Hita yetu ya gesi, iliyotundikwa uani, huwaka pale tu maji yanapopita kwa nguvu. Na bomba lililoshuka kutoka kwenye tangi la juu lilikuwa moja, jembamba, la jikoni na bafuni kwa pamoja. Koki ya jikoni ikifunguliwa, moto wa hita unazimika, na aliye bafuni anamwagikiwa na baridi ya Tunja, mji ambao hata mbwa huvalishwa sweta. Etelvina alijua saa ya mumewe ya kuoga. Akishahisi kwamba sabuni imemjaa mwilini, anafungua koki na kuosha kijiko kimoja, kwa makini sana.

“Funga koki, we mwanamke!” mzee anabweka.

“Nani huyo analia kama mbuzi?”

“Mumeo!”

“Mume wangu alifia harusini.”

Kila asubuhi ya Mungu. Mimi ni mpangaji wa chumba cha nyuma, muuza viatu, na mara nyingi baridi hiyo ilinikuta mimi kwa makosa. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Lakini hawa hawakuwa ndugu, nami sina jembe, basi nikavumilia.

Ndipo binti yao Nidia akaja kutoka Bogotá kwa Juma Kuu, akamwagikiwa na barafu kichwa kikiwa na povu, akatukana matusi yasiyofaa juma lile, kisha akaleta fundi bomba. Fundi akavuta bomba nene la peke yake kutoka tangini hadi kwenye hita. Lile la zamani akaliachia jikoni, na tawi lake la kwenda kwenye hita akalifunga kwa koki. Akafungua maji jikoni: bafuni moto ule ule. Nilimbusu fundi yule, na sioni aibu.

Kesho yake Etelvina alifungua koki. Kimya. Akaifungua mpaka mwisho, akasimama na kijiko mkononi. Kimya. Baada ya hapo alianza kuunguza arepa, mikate yetu ya mahindi, na mzee alikuwa akitoka bafuni msafi na mnyonge kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Niliwahurumia kwa dhati, ila si kiasi cha kutaka baridi irudi.

Ilirudi. Asubuhi moja nimejaa sabuni, maji yakageuka barafu. Nikatoka na taulo, nikilaani, nikamkuta don Aristóbulo uani juu ya kigoda, na koleo mkononi. Alikuwa amefunga bomba jipya na kufungua tawi la zamani.

“Mzee, unafanya nini?”

“Nyamaza, mwanangu. Sijasikia sauti yake tangu Pasaka.”

Akanipita, akaingia bafuni, akajifungia. Jikoni Etelvina, ambaye alishakata tamaa, alikuwa akisuuza birika tu.

“Etelvina! Koki!”

Miaka yote alikuwa “we mwanamke”. Kutoka koridoni nilimwona ameganda, mkono juu ya koki. Nikangoja matusi ya mbuzi. Badala yake akaifunga, taratibu.

“Oga upesi,” alisema. “Changua inapoa.”

Maji ya moto yakarudi, niliyasikia. Mzee akapenga kamasi.

“Ile ya dada yako ilikuwa maji matupu,” alisema nyuma ya mlango.

“Nilijua,” akajibu Etelvina, akaketi, akajifuta macho kwa aproni.

Mimi nilibaki koridoni na povu masikioni, nikitetemeka, na hakuna aliyeniuliza kitu.