Siku Mama Mukubwa Alipofunguliwa Jicho

Nafundisha Kiingereza katika chumba kimoja mtaani Bel-Air, na kila mwaka wanafunzi hukwama kwenye neno consequential. Kwa kuwa wamesoma kwa Kifaransa, wanakimbilia conséquent, ambalo sisi hapa Lubumbashi tunalitumia kwa kitu kikubwa, kama nyumba au mshahara. Hata mimi nililielewa lile la Kiingereza hivyo, mpaka mama mukubwa alipopasuliwa jicho.

Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, na ndiye aliyenilea. Mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, polepole. Miaka ya mwisho alinitambua kwa hatua zangu, na alipika kwa kusikiliza sufuria. Alisema ni uzee tu. Kisha tukasikia kwamba daktari mgeni anapasua macho katika hospitali moja ya Kampemba. Nikamshika mkono, tukaenda.

Daktari alijua Kiingereza tu, kwa hiyo nikawa mkalimani. Alianza na jicho la kulia. Alipomaliza, alivua barakoa akaniambia operesheni ile ilikuwa consequential.

"Anasema ilikuwa operesheni kubwa," nikamwambia mama mukubwa.

Akanikamata mkono kwa nguvu. "Mukubwa namna gani? Balikata nini?"

Daktari aliona alivyonikamata. "Umemwambia nini?"

Nilipomweleza, alitikisa kichwa. "Hapana. Kazi yenyewe ni ndogo, nimepasua mahali padogo mno. Nazungumzia kitakachofuata. Neno hili halipimi ukubwa wa kitu. Linapima yale yatakayobadilika kwa sababu yake."

Nilitafuta neno moja la Kiswahili, nikalikosa. Nikasema, "Mama, iko kazi kidogo. Lakini kisha hapa, maisha yako haitabakia vile ilikuwaka."

"Basi tungojee," akajibu, na mkono wake ukalegea.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alimfungua bandeji. Jicho lilitoa machozi, likapepesa, likatulia ukutani.

"Hii rangi iko kijani?"

"Iko kijani, mama."

Akainua mikono yake, akaitazama viganja kisha migongo, kama ya mtu mwingine. Ndipo akanigeukia. Akanishika mashavu.

"Mutoto yangu! Weye iko na imvi!"

Muuguzi alicheka, kisha akatugeuzia mgongo na kufuta macho.

Njiani kurudi nyumbani, mama mukubwa alikataa mkono wangu. Alitangulia kupita sokoni, akisimama kila mahali: mbele ya nyanya, mbele ya vitenge, mbele ya mwanamke aliyekuwa akisuka nywele, ambaye hakuelewa kwa nini mgeni anamtazama hivyo.

Nyumbani alikuwepo mjukuu wake wa kike, aliyezaliwa wakati giza limekwisha kumfunga bibi yake. Mama mukubwa alimjua kwa sauti na harufu tu. Alimvuta karibu na dirisha, akaanza kumsoma uso bila haraka. Paji la uso alisema ni la marehemu mume wake. Masikio ni ya mama aliyemzaa yeye mwenyewe. Alipofika kwenye mdomo aliugusa kwa kidole.

"Huu," akasema, "iko yangu."

Nilibaki mlangoni na mkoba wake mkononi, nikiogopa hata kuingia, nisije nikawakatiza.