Pipa la Nyuma ya Jiko

Mtafiti huyu ana ugonjwa mmoja tu: akiona maji yanamwagwa, roho inamuuma. Tangu atoke chuoni anabuni matangi ya kufugia samaki ambayo maji yake hayamwagwi. Yanatoka kwa samaki, yanapita kwenye chujio, yanarudi yakiwa salama. Siri iko kwenye vipande vya plastiki vya chujio, vilivyogandwa na ute wa kahawia, na ndani ya ute huo wanaishi bakteria wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Ukimruhusu akueleze habari za ute huo, chai yako itapoa.

Mumewe, fundi cherehani, hapatani na uchafu hata kidogo. Ugomvi wao wa nyumbani ulikuwa pipa la bluu nyuma ya jiko, mtambo wa kwanza wa mkewe, lenye samaki wachache na chujio linaloteleza.

"Mke wangu, hili pipa litaondoka lini?"

"Siku nitakayoondoka mimi."

Sasa wafadhili walikuwa wanakuja Jumatatu kwenye kituo cha utafiti anakofanyia kazi, kukagua tangi lake. Wakikuta samaki wazima, mtambo mkubwa unajengwa. Wakikuta wamekufa, kazi ya nusu ya maisha yake inafungwa. Jumamosi mume akajitolea kufanya usafi kituoni, mkewe akamwachia ufunguo, akaenda kufuata chakula cha samaki. Kurudi, sakafu inang'aa, na vipande vya chujio vimeanikwa juani, vyeupe pe, vinanukia sabuni.

"Nimekusugulia kimoja kimoja," mume akasema, meno yote nje.

Mtafiti akakaa palepale sakafuni. Akamweleza tena habari za ute, zilezile ambazo kwa miaka yote mume alizisikia kwa sikio moja. Safari hii alisikiliza kwa yote mawili, na tabasamu likafutika usoni.

"Bila hao wadudu, samaki watakufa?"

"Hawafiki Jumatatu."

Fundi akatazama vile vipande vyeupe. Kisha akauliza polepole, "Na wale wa kwenye pipa?"

Mtafiti aliruka kama aliyekalia sindano. Walikimbia nyumbani, mke anacheka njia nzima. Mume alizamisha mikono mpaka kwapani akiwa na shati lake jeupe, akachota nusu ya vipande, akavibeba kifuani ndani ya gunia bichi hadi kwenye chujio la kituoni. Alikataa kupokewa mzigo.

Jumatatu samaki waligombania chakula kwa fujo hadi wakamlowesha mkuu wa wafadhili tai na miwani. Mkuu akacheka, akaahidi mtambo. Mtafiti alilia mbele za watu na hakuona haya.

Wiki iliyofuata dada wa mtafiti alikuja kuwatembelea. Akaliona pipa, akakunja pua, akachukua brashi.

"Shemeji, nikusugulieni hili?"

Fundi akamnyang'anya brashi kwa adabu, akamvutia kiti.

"Kaa kwanza, shemeji, nikueleze habari za ute."

Chai ya shemeji ikapoa.