Karatasi Nyekundu ya Gemu

Kwa nini waandike namba nyeusi kwenye karatasi nyekundu iliyokolea, hata mtu asizione vizuri? Nilimuuliza rafiki yangu, naye hakujua.

Leo nikichonga penseli, harufu ya mti wake inanirudisha ofisini kwa baba wa rafiki yangu huyo, mkuu wa karakana ya shamba la ngano. Kompyuta yake ilikuwa na gemu la ndege, na kila ukilifungua lilikudai namba fulani kutoka kwenye karatasi ile iliyouzwa pamoja nalo. Wiki hiyo baba yangu alikuwa amehamishiwa shamba jingine, nalo lilikuwa na kompyuta. Rafiki yangu alininakilia gemu kwenye disketi, lakini bila karatasi lisingefunguka. Tulijaribu mashine ya fotokopi, ikatoa weusi mtupu.

Basi nikakaa dirishani na daftari na penseli, nikiinamisha karatasi juani, nikiandika safu baada ya safu. Vumbi la makapi ya ngano lilininata mkononi kwa jasho. Baba wa rafiki yangu akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, huo si wizi?"

"Mbona shuleni kitabu ni kimoja, na mwalimu anatuambia tunakili chote?"

Akacheka. "Haya, mwanasheria, maliza. Ukikosea namba moja tu, ndege yako hairuki."

Wizi au si wizi, sikukosea hata moja. Kule tulikohamia, ndege yangu iliruka kila siku.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba watengenezaji waliuchagua wekundu ule makusudi, ili namba zile zisiweze kunakiliwa.