Alarme za Saa Sita

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Mongbwalu, chef wa informatique, mukubwa wa kompyuta, hakunionyesha ordinatere hata moja. Alinipeleka nyuma ya biro, kwenye groupe, ile jenereta ya umeme. "Petit, hii ikizima, weye na miye hatuna kazi. Jifunze kwanza kuiwasha." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Toka Mongbwalu coopérative yetu ya akiba ilinishusha Kasenyi, kisha ikaniita Bunia. Hapo ndipo direction générale, makao makuu yetu, ilitutumia serveur, mashine mama, toka Kinshasa, yenye programu ya kulinda réseau, yaani mutandao. Msifikiri ile inafunga mulango. Ni santineli tu, mulinzi wa zamu: inaangalia kila kitu kinachopita kwenye nyaya, na ikiona mutu anajaribu milango ya mashine, inapiga kelele kwenye skrini. Kisha inaandika alarme na saa yake ndani ya base de données, yaani ghala ya habari.

Basi, yetu ilipiga kelele, lakini ghala ilibaki tupu. Eh, nilitaka kujua sababu mpaka chakula kikanishinda! Kumbe asubuhi tukiwasha groupe, santineli aliamka kabla ya ghala. Anabisha, hakuna wa kumufungulia, anaacha kuandika siku nzima. Nikamupanga angoje ghala iamke kwanza. Alarme zikaanza kuandikwa, nami nikafurahi sana.

Furaha haikukaa. Kila siku, saa sita, mashine moja ya ndani ilijaribu milango ya serveur ya akaunti. Mashine gani? Anwani za mashine ziligawiwa upya kila asubuhi, hatukujua nani alipata ipi. Hakuna aliyekaa mbele ya skrini siku nzima, tulikuwa na saa ya ghala tu. Na saa sita wote walienda kula, isipokuwa Mama Adèle wa guichet, dirisha ya kulipia wateja, mwenye kuleta bugali yake toka nyumbani.

Directeur wetu alimuzania mwizi, akamunyang'anya funguo za kesi ya feza mbele ya wateja. Ilikuwa ile amani ya kuangalia nyuma: risasi zimenyamaza mujini, lakini ukitaja jina lako, batu wanapima kwanza unatoka upande gani. Kabla ya jioni, soko ilishaanza kusema "batu ya upande wa Adèle" ni wezi. Niliogopa.

"Monsieur le Directeur, niache niangalie tena."

"Uangalie nini? Mashine haina kabila."

Nikajifanya mwizi. Nikajaribu milango ya serveur toka mashine yangu, macho kwenye saa ya mukono: saa nane kamili. Nikafungua base. Imeandika saa saba! Mungu wangu! Serveur ilipangwa Kinshasa, na ghala iliendelea kufuata saa ya Kinshasa. Siye wa Bunia tuko mbele saa moja, hata mutoto anajua. Kila asubuhi tunangoja wa Kinshasa waamke ndipo tuwapigie simu. Lakini nani alifikiri kwamba mashine nayo bado iko kule?

Kwa hiyo alarme zile zilikuwa za saa saba, batu wakiwa wamerudi. Kesho yake nilikaa mbele ya skrini. Saa saba Directeur alirudi toka kula, akafungua ordinatere yake ya mukononi, ile aliyoitoa nyumbani kila siku akienda kula, akachomeka waya. Skrini ikalia. Nikamwomba achomoe, ikanyamaza. Akachomeka tena, ikalia.

"Ni nani huyo?" Directeur akauliza.

"Ni ordinatere yenu, Monsieur le Directeur. Iko na virusi, ndivyo vinajaribu milango."

Alichomoa waya, kisha akamwita Mama Adèle, akamunyooshea funguo. "Mama, mashine imekusafisha."

Hakuzipokea. "Siku zote hizi mulikuwa munauliza mashine. Miye niko hapa, naongea Swahili kama siye wote. Nani aliniuliza?" Kisha akasema: "Funguo mulizikamata mbele ya batu. Muzirudishe mbele ya batu."

Directeur alimurudishia pale guichet, wateja wakiangalia.

Sasa niko kwenye pension, na vijana bado wananipigia simu juu ya base yenye kukataa kuandika. Ninawasaidia mbio, kazi hii ningali naipenda. Lakini wakinieleza kwamba wamepata mwizi, ninawauliza: "Mulishaongea naye?" Mara nyingi wananijibu: "Bado."