Baba Alivyochagua Koti la Mvua

Baba alikuwa akichagua koti la mvua kwa sikio. Wateja wangu wengine wa mitumba hukagua mishono, hupandisha na kushusha zipu, au huuliza kioo kiko wapi. Yeye alilikamata koti, akaisugua mikono miwili ya koti pamoja karibu na sikio la kulia, akafumba macho. Likitoa sauti, alilirudisha mezani bila maelezo.

Alikuwa mwindaji, mwenye kibali na gobole lililonizidi umri, katika kijiji kimoja upande wa Magu. Msimu alioupenda ni vuli, ambao wengine waliukimbia. Alisema mvua humziba mnyama pua, na matope hunyamazisha nyayo za mtu, lakini masikio ya mnyama hubaki yale yale. Kwa hiyo koti la mwindaji lisiseme kitu. Tena lisivuke magoti, maana nyasi mbichi hulivuta, na kwapani liwe na nafasi, kwa sababu huko ndiko alikoficha kipembe chake cha baruti. Gobole lenye baruti iliyolowa, alisema, ni fimbo ya kuchungia. Mwisho kabisa koti lilitundikwa zizini wiki nzima, litoke harufu ya dawa za mitumba na kuingia harufu ya ng'ombe. Hakuwahi kuingia porini na koti jipya kabla ya siku saba.

Nilipokuwa mdogo hapakuwa na cha kuchagua. Kulikuwa na gunia la pamba. Unasukuma pembe moja ya chini ndani ya nyingine, linakuwa kofia na shuka kwa pamoja, unalivaa kichwani unaondoka. Lilikunywa mvua mpaka likawa zito kuliko aliyelivaa, na Baba alirudi akitetemeka meno. Tukimcheka alilitetea: "Lakini halina kelele."

Kisha serikali ikafungua biashara, mambo yakawa ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, na kiwanda cha nguo cha Nyakato nilichokuwa nikifanyia kazi kikaanza kupunguza watu. Nilikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa nafanya kazi vizuri. Nikaungana na mwenzangu tukafungua robota la kwanza la mitumba sokoni mjini, mimi niliyeshinda miaka nikifuma vitambaa vya nchi hii, sasa nauza makoti ya watu ambao sikujua kama walinenepa au walikufa. Mwanzoni wateja waliziita nguo za marehemu. Baada ya miezi michache walikuwa wanagombania.

Ndani ya yale marobota yalitoka makoti ya mvua ya kila namna: ya mpira, ya nailoni ngumu, ya pamba iliyopakwa nta, mengine yenye mifuko mingi hata nikajiuliza wenyewe walikuwa wanabeba nini. Nikawa namwekea Baba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na makoti kumi mbele yake, na aliyapitia taratibu kama mama anayechagua nyanya, akinikera kwa kunizibia wateja. Nilikuwa namfokea kidogo. Ukweli ni kwamba nilizipenda siku hizo kuliko siku yoyote ya biashara.

Mwaka mmoja, alikuja vuli ikiwa inakaribia. Nilimwona amesimama mbele ya meza, amenipa mgongo, anatazama barabarani.

"Shikamoo, Baba."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikamgusa bega, akageuka upesi.

"Marahaba, mama. Hujambo? Wajukuu zangu?"

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nikasema wazima, nikailaumu kelele ya soko, nikainama chini ya meza kutoa hazina yangu. Lilikuwa koti la kijani cha majani ya kunde, pamba iliyopakwa nta, laini, halivuki magoti. Nilikuwa nimelificha miezi miwili. Mwalimu mmoja alinibembeleza mpaka nikamwambia lina mwenyewe.

Baba akalisugua sikioni. Safari hii hakufumba macho. Aliangalia watu. Akalikunja vizuri, akaliweka kando. Akachukua la pili, la tatu, yote akisugua huku macho yako kwa wapita njia. Nilidhani ananitania. Mwisho akavuta koti la kijivu la nailoni ngumu ambalo nilikuwa nimemtengea mlinzi wa godauni. Alipolisugua, lilipiga kelele kama maganda makavu ya mahindi, muuza viatu wa meza ya jirani akageuza shingo kuona kuna nini. Baba akamwangalia muuza viatu, akatabasamu.

"Hili."

"Baba, hilo lina kelele."

"Ndilo nililolipenda."

"Lina kelele! Ukiingia nalo porini, swala watajua tangu unafunga mlango wa nyumba."

"Nifungie, mama. Nisichelewe gari."

Nikalifunga kwenye gazeti kwa hasira, kila kona nikiibana. Miezi miwili nimemnyima mwalimu! Alipogeuka kuondoka, nikasema chini chini, hatua mbili tu nyuma yake, maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: "Sikio la kufa halisikii dawa." Palepale nikangoja ageuke anikemee. Hakugeuka. Muuza viatu ndiye aliyegeuka, akanitazama kwa mshangao. Ndipo nilipoelewa, na yale maneno yangu yakanirudia kama kofi.

Usiku na mchana wiki ile sikuwa na raha, na lazima nieleze kwa nini. Baba aliwinda na mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, wawili peke yao. Waliachana porini, mmoja huku na mwingine kule, na nyasi za vuli zinampita mtu kichwa. Mvua ikishuka, unachoona ni nyasi zinazotikisika tu. Kwa hiyo kabla ya kufyatua, mwindaji hupiga mluzi mfupi mara mbili. Mwenzake akijibu, anashusha bunduki. Asiyejibu mluzi ni mnyama. Sheria hiyo tuliijua watoto wote wa kijiji kabla hatujaruhusiwa kwenda kuokota kuni. Kuna mzee kwetu anachechemea hadi leo kwa sababu siku moja alishikwa na kikohozi, akashindwa kujibu.

Sasa Baba angejibu mluzi gani?

Nikimwambia baba mdogo, habari ya uwindaji imekwisha. Hakuna mtu anayekwenda porini na asiyesikia, na tangu Mama afariki, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamtoa Baba uani. Ningekuwa nimemkalisha kitako kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisipomwambia, baba mdogo atamuua kaka yake kwa mkono wake. Niliwaza hivyo nikipanga nguo, nikizikunja, nikiwajibu wateja ovyo. Nilichojifariji nacho ni zizi. Koti litatundikwa siku saba, nikasema. Nina siku saba za kupata ujasiri.

Ujasiri nilikuja kuupata siku ya sita. Nikalichukua lile koti la kijani, nikapanda gari la asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno: nitalibadilisha koti kwanza, kisha nitazungumza na baba mdogo pembeni, kwa heshima. Nilipofika nilipitia zizini. Ng'ombe walikuwepo. Koti halikuwepo.

"Wameondoka alfajiri," alisema mama mdogo, mke wa baba mdogo, akiwa jikoni anapika michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. "Shemeji amekuja na koti lake jipya, hata harufu ya mjini haijatoka. Nikamwambia, halijakaa zizini hilo. Akacheka tu."

Mvua ilianza muda huo huo. Nilikaa kwenye kigoda karibu na moto, koti la kijani mapajani. Mama mdogo alinipa bakuli la michembe na karanga, nikalishika mpaka likapoa. Kila radi iliponguruma niliruka, nikidhani ni gobole. Nilijilaani. Ningekuja juzi. Ningesema pale pale sokoni, muuza viatu asikie na soko zima lisikie, aibu ingepita na baba yangu angekuwa hai. Niliogopa jinsi ambavyo sikuwahi kuogopa, hata siku ya kupunguzwa kazi.

Ilikuwa alasiri nilipolisikia lile koti. Nililisikia kabla sijaona mtu, kabla mbwa hawajabweka, likikwaruza kupita kelele ya mvua, huko nyuma ya kisima. Nikasimama, michembe ikamwagika.

Baba mdogo aliingia kwanza, akakaa kizingitini kusafisha miguu. Mikono ilikuwa mitupu. Baba alikuwa nyuma, mbali kidogo, anapita zizini kuangalia ndama. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Shikamoo, baba mdogo. Kuna jambo kuhusu Baba. Mluzi—"

"Leo sikupiga mluzi hata mmoja," alisema. "Wa nini? Nilimsikia kutwa nzima. Mara kulia kwangu, mara nyuma yangu, mara kwenye miiba. Nilijua alipo kuliko ninavyojua alipo mke wangu."

"Muongo huyo," akasema mama mdogo.

"Na wanyama?" nikauliza.

"Wanyama nao walijua alipo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliendelea kukwangua tope kati ya vidole, hakunitazama. "Mwaka jana nilipiga mluzi mara nne bila jibu. Mara ya tano sikupiga, nilikuwa nimeshainua gobole. Upepo ukalala kidogo, nikaona kiwiko cha mtu. Tulirudi nyumbani bila kusema neno, wala hatukutoka tena msimu ule. Wiki iliyopita akaja na koti akaniambia, twende."

Baba aliingia jikoni maji yakimchuruzika, koti likilalamika kila alipoinua mkono. Aliponiona uso ukamchangamka, kisha akaona koti la kijani mkononi mwangu. Akaelewa safari yangu yote, nadhani, maana alivuta kigoda akakaa mbele yangu, uso kwa uso, magoti yetu yakakaribia kugusana.

Nilisema polepole ili auone mdomo wangu. "Baba, ulijua kwamba hilo lina kelele?"

"Ningejuaje, mama? Sisikii." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayetaja bei ya chumvi, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele yetu. Mama mdogo aliacha kukoroga. "Nilimwangalia yule jirani yako, muuza viatu. Nikasugua la kwanza, yuko na viatu vyake. La pili, yuko na viatu vyake. Nilipolisugua hili akageuza shingo. Nikajua nimepata."

Sikio halipiti kichwa, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekaa wiki nzima nikimlilia mtu aliyekuwa ameshanipita kwa mbali. Nilitaka kucheka, lakini kilichotoka ni kilio, na nililia kwa sauti bila kujali.

Baba alilichukua koti la kijani, akapitisha kiganja juu yake, akaangalia kwapa, akapima urefu dhidi ya goti lake. Mikono ya koti hakuisugua.

"Zuri sana hili," alisema. "Kamuuzie mwingine. Ni koti la mtu anayetafuta nyama."

"Na wewe unatafuta nini huko porini, Baba?"

Alinionesha baba mdogo kwa kidevu, pale kizingitini alipokuwa bado anahangaika na tope lake.

"Mimi nataka huyu asije akaniua," alisema. "Akiniua, atabaki na nani huko?"