Siku Nilipolipita Gari la Polisi

Gari jipya la polisi lililetwa upande wetu mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizoiacha barabara ya Likoni na Ukunda na mashimo ya kuogea bata. Lile la zamani tulikuwa tumelizoea. Lilikuwa na taa moja juu ambayo sikumbuki kuiona ikiwaka, na askari akikutaka alitoa mkono dirishani akakupungia kama anayemwita muuza machungwa. Hili jipya lilikuwa na taa za buluu upana wa paa zima, na taa zenyewe zilikuwa na tabia mbili. Siku nyingine zilitulia tu, zikawaka kama taa ya dukani. Siku nyingine zilipepesa kama jicho lililoingia mchanga. Hakuna aliyekuja kutueleza tofauti yake, basi watu wakajieleza wenyewe, na watu wakijieleza wenyewe hawakosi jibu.

Jibu lilitokana na maziko. Askari mmoja mstaafu, mwenyeji wa Kinondo, alifia Mombasa, na wenzake wakamrudisha kwao kwa heshima. Gari lile jipya lilitangulia polepole, taa zimetulia, na nyuma yake likaja gari lililobeba jeneza. Sasa kwetu jeneza halipitwi. Likikatiza mtaani, mwenye duka hutoka nje akasimama, mwenye baiskeli hushuka, na mwanamume asiyemjua maiti wala ukoo wake hulisindikiza hatua kadhaa kwa kutaka thawabu. Siku ile kila mtu aliyaona maziko, na kila mtu aliziona taa. Wiki haikuisha, neno likawa limekatwa kuanzia Waa hadi Msambweni: taa zikitulia, ndani mna maiti.

Tangu hapo polisi hawakuweza kuzunguka peke yao. Wakitoka Tiwi kwenda Ukunda kutazama tu hali ya barabara, nyuma yao yalifuatana malori ya mchanga, matatu na magari ya hoteli, yote kwa mwendo wa mkokoteni, madereva wakichezesha midomo kwa dua. Watalii walipiga picha. Nadhani waliambiwa ni mila.

Mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba Kombani, na maana ya zile taa niliipata kwa biashara. Askari wa bara alikuja kutaka viatu vyeusi, akavipenda, halafu akajifanya havipendi. Tulivutana mpaka tukachoka wote. Mwisho nikamwambia nitampunguzia, lakini anieleze jambo moja.

"Zile taa zenu," nikasema, "zikitulia maana yake nini?"

"Zikitulia tuko tu, mama. Tunazunguka, mtuone. Wewe endelea na safari yako. Ukitaka kupita, pita, bora usivunje sheria ya mwendo."

"Na zikipepesa?"

"Hapo tupishe. Kaa kushoto, simama. Tukipita, hatukuwa na shida na wewe. Tukisimama nyuma yako, basi ni wewe."

Nikamwambia arudie, maana sichukui kitu bila kukigeuza upande wa pili. Akarudia, ikawa ni vilevile. Nikampa viatu. Niliwaeleza watu sokoni, wakaniuliza nimeyapata wapi. Nilipowaambia, wakacheka. Walisema mtu anayetaka kupunguziwa bei atasema lolote, na hilo ni kweli.

Sikuwa na haja ya kushindana nao mpaka siku ya harusi ya binti yangu.

Alikuwa anaolewa Msambweni, nyumbani kwa mama yangu, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Walii wake, mtu wa kumwozesha, alikuwa ami yake, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, anayekaa Waa. Bila yeye hakuna ndoa. Nilimwomba mapema ampe mtu mwingine idhini ya kuozesha kwa niaba yake, akakataa. Alisema mtoto wa nduguye atamwozesha kwa kinywa chake mwenyewe. Nikasema vema, nitakuja kukuchukua. Nilikuwa na pikapu kuukuu, na ilikuwa inawaka siku hizo.

Tatizo lilikuwa sheikh. Alikuwa na nikaha nyingine Lunga Lunga kabla ya magharibi, na alituma neno kwamba jamaa wakishamaliza kusali na dua ikisomwa, kama walii hayupo yeye anashika njia. Bwana arusi alikuwa mfanyakazi wa hoteli kule Diani na ruhusa yake ilikuwa inakwisha. Ramadhani ilikuwa mlangoni. Ndoa ikishindikana siku ile, ingekwenda mpaka baada ya Idi, na maneno ya watu hayangengoja Idi.

Nilifika Waa mapema. Shemeji alikuwa anaoga. Akaoga. Akasali adhuhuri msikitini kwake, akarudi kula, akala kama mtu asiyeamini kuwa harusini kuna chakula. Kisha kanzu ikakutwa na doa, ikatafutwa nyingine. Tulipotoka nilikuwa nimekwisha kuhesabu njia nzima kichwani, nikaihesabu tena, na mara zote mbili tulifika kwa tabu.

Tiwi tukaikuta foleni. Mbele kabisa, taa za buluu zimetulia.

"Inna lillahi," akasema shemeji, akanyoosha kofia yake.

Tukaenda hivyo hadi Ukunda, nikiwa nyuma ya magari yanayotambaa. Pale mengi yakakata kwenda Diani, na lori la nazi lililokuwa mbele yangu likaingia sokoni. Nikajikuta nyuma ya gari la polisi lenyewe, na nyuma yangu waombolezaji wote waliobaki. Tulipokaribia Mwabungo nikasikia adhana ya alasiri.

"Shemeji," nikasema, "nalipita hili."

"Hulipiti. Unampita maiti?"

"Maiti yuko wapi? Nyuma mle naona askari wawili na tairi la akiba."

"Amelazwa chini."

"Chini ya buti za askari?"

"Polisi wana mambo yao," akasema.

Nikamweleza maneno ya yule askari wa viatu, akatikisa kichwa. Nikaona nikibishana na imani nitashindwa, afadhali nifanye bei. "Basi sikiliza. Barabara mbele ni nyeupe. Nikifika ubavuni nitapunguza, nawe chungulia. Ukimwona maiti, narudi nyuma, tunamsindikiza mpaka kaburini, na harusi tunaiahirisha. Usipomwona, tunakwenda zetu."

Akafikiri. "Na niwape pole."

"Wape."

"Na usipige honi."

"Sipigi."

"Na kama ni dhambi, ni yako."

"Shemeji, wewe ungeuza viatu ungekuwa tajiri," nikasema, nikatoa ishara ya kulia, nikatoka.

Nyuma yangu nilisikia mtu akipiga kelele kama ameona ng'ombe anaingia msikitini. Tukafika ubavuni. Shemeji akatoa kichwa dirishani, akatazama mle ndani kwa makini, juu na chini, kisha akasema kwa sauti ya heshima, "Salaam aleikum. Poleni kwa msiba."

Askari aliyekuwa usukani akamtazama. "Asante, mzee," akasema.

Nikakanyaga mafuta, nikapita.

"Umesikia?" akasema shemeji. "Amesema asante. Msiba upo."

"Maiti umemwona?"

"Sikumwona. Lakini ameshukuru."

Nikarudi upande wangu wa barabara. Katika kioo niliziona taa za buluu zikianza kupepesa.

Nilijua la kufanya. Nikaweka ishara, nikaingia kushoto, nikasimama, nikaomba wapite. Hawakupita. Gari likasimama nyuma yangu.

"Basi ni sisi," nikasema.

"Ni wewe," akasema shemeji. "Mimi nilipatana."

Askari akaja, kijana wa bara naye, lakini si yule wa viatu, kofia mkononi. "Habari yako, mama. Shikamoo, mzee. Samahani kuwasimamisha. Nimesikia mzee akitupa pole. Nani amekufa?"

Shemeji akamwangalia. "Si nyinyi mmembeba?"

"Kumbeba nani?"

"Maiti."

"Maiti gani, mzee? Sisi tuko patroli." Akageuka akatazama foleni yote iliyosimama nyuma. "Na hao nao. Kila siku wananifuata. Nikipunguza, wanapunguza. Juzi nimesimama kununua maji, wakasimama. Nikadhani barabara ina sheria ambayo sisi wageni hatujaambiwa. Mama, wewe ndio wa kwanza kunipita tangu nihamishiwe huku. Kwani nimekosa nini?"

Kabla sijamjibu nikawaona wanaume wanashuka magarini. Kwa kuwa gari la polisi lilikuwa limesimama, wao walijua tumefika makaburini. Walikuja wamekunja mikono ya kanzu na mashati, tayari kupokea jeneza, na dereva mmoja wa lori akauliza kwa unyonge, "Kaburi liko upande gani?"

Hapo ndipo nilipompenda shemeji yangu. Alishuka, akasimama kando ya lami na kanzu yake nyeupe, akawaambia kwa sauti ya mtu aliyeyajua hayo tangu utotoni: "Jamani, hakuna maiti. Rudini magarini. Hizi taa zikitulia, ni wao wanapita tu, nanyi piteni. Zikipepesa, wapisheni, kaeni kushoto."

"Nani kasema?" akauliza dereva wa lori.

"Mimi nasema. Na afande huyu hapa. Sivyo?"

"Ndivyo, mzee," akasema askari.

"Sisi kila siku tunasindikiza bure?"

"Thawabu zenu hazipotei," akasema shemeji. "Nia ilikuwepo."

Mimi nikamgeukia askari. "Afande, umenisimamisha na nina nikaha Msambweni. Yule mzee ndiye walii. Sheikh akiondoka, hakuna ndoa. Umenikawiza, utanilipaje?"

Akajikuna shingo. "Nitangulie niwafungulie njia?"

"Kwa taa zipi?"

"Zile za kutulia."

"Nimpeleke walii harusini na taa za maiti? Bibi arusi atazimia. Pepesa."

"Hapana, mama. Za kupepesa ni dharura."

"Ndoa kukosa walii si dharura?"

"Kwenye kitabu chetu haimo."

Tukavutana hapo, na sitaki kujisifu, lakini sijapata kushika bei nzuri kama ile. Tulipatana hivi: yeye abaki pale mpaka magari yote yapite, na taa azizime kabisa, ili asiwepo hata mtu mmoja wa kusita. Akazizima. Nikaondoka wa kwanza, na kila nilipotazama kioo niliona magari yakilipita gari la polisi, moja baada ya jingine, kila dereva akiinua mkono kumsalimu, naye akiwarudishia. Tulikwenda mwendo wa halali, lakini baada ya kule kutambaa ulikuwa kama kuruka.

Msambweni tulikuta dua imekwisha. Sheikh alikuwa barazani, mguu mmoja kiatuni.

"Walii huyo," nikasema nikiwa bado dirishani, na injini haijazimwa.

Sheikh akamtazama shemeji, akatazama kiatu, akakivua.

Shemeji akaomba maji, akasali alasiri yake bila haraka, na hapo hakuna aliyethubutu kumhimiza, hata mimi. Kisha akaingia ndani kwa bibi arusi, vumbi la njia likiwa pindoni mwa kanzu, akamuuliza kama yuko radhi amwozeshe. Mwanangu akasema yuko radhi. Akamuuliza tena, akasema tena. Shemeji akatoka akaketi mbele ya bwana arusi, wakashikana mikono, na sisi wanawake tukajipanga nyuma ya dirisha, tumeziba midomo kwa leso.

Nilimsikia akisema, kwa kinywa chake mwenyewe, nimekuoza. Nikamsikia yule kijana akijibu, nimekubali.

Mama yangu alinishika mkono. Nikatoa leso mdomoni, nikapiga kigelegele mpaka pumzi ikaniishia, nikavuta nyingine, nikapiga tena.