Nyama ya Josphat Niliila

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, mabati yakilia kwa moto pale Laini Saba, na mkono wa dada yangu Nekesa umetokeza chini ya mlango. Mlango umefungwa kwa waya, kutoka nje. Nilivuta ule mkono mpaka moto ukanishinda, nikauachilia.

Nilikuwa natoka kuteka maji. Aliyefunga waya nilimwona kwa mbali: Wafula, jirani yetu, mtu wa kupikia kwenye jiko letu. Vijana waliomwaga mafuta ya taa waliletwa na Josphat, mwenye ploti tuliyopanga, aliyetaka tuhame tukakataa. Wengine husema "watu fulani". Mimi sina fulani.

Baada ya mazishi wazee wakatuita baraza, tena kwa Josphat mwenyewe, Kawangware. Tukakuta mbuzi ameshachinjwa. Desturi yao ilikuwa hiyo: aliyefiwa akila na mkosaji, maneno yamekwisha, hayafufuliwi. Hakuna aliyeuliza nani alifunga mlango. Josphat akaja na sinia, anatabasamu.

"Kula, binti yangu. Tuwe majirani tena."

Nilikuwa msichana, sijatia kitu tumboni siku tatu, na wazee wote wananitazama. Nikala.

Kando yangu alikaa Mama Rasoa, aliyezika wanawe wote. Sinia lilipomfikia akalifunika kwa leso.

"Josphat, hii mbuzi umeichoma kwa moto wako ule ule? Kwanza sema ulichofanya. Nyama nitaifikiria." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, kesho utasema na mdomo gani?"

Alijua. Tangu hapo kila nikienda kwa wazee jibu ni moja: "Si ulikula?"

Sasa juzi mmechomewa nyumba Gatwekera, na nasikia mnaitwa kwa Josphat yule yule. Enda, mwanangu. Usiwaachie baraza. Lakini usikae kama mgeni wa karamu. Wewe ndiye uliyeona waliochoma, wewe ndiye wa kuuliza. Usipokee hata maji kabla hawajasema mbele ya watu nani alifanya nini, jina kwa jina. Na yule atakayekwambia usahau, muulize siku ile alikuwa upande gani wa mlango.

Mungu akupe tumbo la kustahimili njaa, na ulimi wa Mama Rasoa.

Mimi nilikula, ndiyo. Nekesa hakula. Josphat, Wafula: mjibuni yeye.